Steringi Hana Ndugu

Mwanamume anaingia mjini juu ya farasi, vumbi mpaka kwenye kope, na hakuna hata mtu mmoja anayemuuliza ametoka kwa nani. Ugomvi wangu na picha za kauboi unaanzia hapo. Anafunga farasi mbele ya nyumba ya watu bila hodi. Anasukuma ile milango miwili mifupi ya baa, inayoanzia magotini na kuishia kifuani, ambayo mpaka leo sijajua inazuia nini, maana vumbi inapitisha, mbu inapitisha, na adui inampitisha kila baada ya nusu saa. Mpiga kinanda anaacha kupiga. Wacheza karata wanageuza shingo. Jamaa anafika kaunta, anasema neno moja, "Wiski," anatupa sarafu, anakunywa, basi. Hajauliza bei. Hajasubiri chenji. Hajaambiwa, "Chenji hamna bosi, chukua peremende."

Ngoja niingie mimi kwenye baa ya mtaa nisiokaa. Sijavuta kiti, mzee wa pembeni ameshaniita: "We kijana, sura yako si ngeni. Wewe si wa kwa mwalimu, wale wa Tabora?" Nikikataa, atanitafutia ukoo mpaka aupate. Soda haijafika, baba yangu ameshajulikana, dhehebu langu limeshajulikana, na ninakofanya kazi kumeshajulikana. Kabla sijaimaliza nimeshikishwa kadi ya mchango wa harusi ya binti ambaye simjui yeye, simjui mwanamume wake, wala simjui huyo anayenikabidhi kadi. Steringi angeshikishwa kadi ya mchango angefanyaje? Katika picha zote nilizoona, na nimeona nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye kazi, jambo hili hawaligusi kabisa.

Waliolelewa kwenye vibanda umiza hawahitaji kufundishwa kanuni za picha hizi. Steringi hafi. Akipigwa risasi, itampata begani, na bega litapona kwa kufungwa kitambaa cha shingoni alichovaa tangu mwanzo wa picha bila kukifua. Adui ana sharubu, ana kicheko, na ana vijana wasiopungua kumi ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa shabaha. Vijana hao hawakubali kufia chini. Mtu ana ukuta mzuri wa kujificha, anauacha, anapanda juu ya paa, anasimama wima ili aonekane vizuri, anapigwa, anavunja ukingo wa mbao na kuangukia kwenye pipa la maji ya farasi. Pembeni yupo mtengeneza majeneza, mzee mwembamba mwenye koti jeusi, anampima steringi urefu kwa macho. Huyo ndiye mfanyabiashara pekee katika mji mzima anayeonekana kupata faida.

Halafu risasi. Bastola ya Colt ya mwaka 1873, ambayo ndiyo wengi wao wanaitundika kiunoni, ilikuwa na matundu sita. Wenye busara walijaza matano, moja wakaliacha tupu chini ya nyundo, mtu asije akajipiga mguu akiwa anapanda farasi. Mimi nikikaa kwenye kochi huwa nahesabu kwa sauti. Steringi akifika risasi ya kumi na mbili bila kujaza, natazama kulia na kushoto nitafute mwenzangu wa kushangaa, sipati. Watoto wananyamaza, mke wangu ananiambia nipunguze kelele.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba mambo yenyewe hayakuwa hivyo. Mapigano ya bastola yanayosifiwa kuliko yote yalitokea Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, karibu na zizi lililoitwa O.K. Corral. Yalichukua sekunde kama thelathini. Watu watatu wakafa. Na ugomvi wenyewe ulitokana na nini? Sheria ndogo ya mji. Tombstone ilikuwa imekataza watu kutembea na silaha mitaani, kuna jamaa walikuwa nazo, afande wa mji Virgil Earp akaenda kuwanyang'anya, pamoja na ndugu zake Wyatt na Morgan na rafiki yao Doc Holliday. Yaani ilikuwa operesheni ya mgambo iliyoharibika. Sekunde thelathini! Ndani ya muda huo kwenye picha, steringi hajamaliza kuwasha sigara.

Wyatt Earp mwenyewe aliishi mpaka mwaka 1929, akafia Los Angeles, mlangoni pa watengeneza sinema, na miongoni mwa waliobeba jeneza lake walikuwamo Tom Mix na William S. Hart, makauboi wa kwenye picha. Kauboi wa bandia kambeba kauboi wa kweli, na tangu siku hiyo, naona mimi, hawajawahi kumshusha.

Nyumbani kwangu mambo haya yaliongezeka uzito alipokuja mjomba kutoka Shinyanga. Alikuja kutibiwa macho. Macho yakapona, rimoti hakurudisha.

Mjomba ni mfugaji. Amechunga tangu hajui kufunga suruali, na ng'ombe akipita barabarani anaweza kukwambia amezaa mara ngapi. Siku ya kwanza nilimwekea picha moja ya hao mabwana, nikijua nampa kitu cha kabila lake. Akatazama. Watu wakapigana ngumi baa, viti vikavunjika, treni ikaibiwa, mwanamke akalia dirishani. Saa nzima ikapita. Mjomba akashusha miwani.

"Mjomba," akaniita, maana sisi tunaitana hivyo wote wawili, "hawa si wachunga ng'ombe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ng'ombe wako wapi?"

Nikatazama. Kweli, hakukuwa na hata ndama.

"Mtu ana farasi, ana kamba, ana kofia ya kuzuia jua, na kutwa nzima yuko kilabuni. Nani amebaki na mifugo?" Kisha akatikisa kichwa kwa ajili ya hao ng'ombe asiowaona, walioachwa porini na mvua inakuja.

Nikamtafutia Red River, ya mwaka 1948, ya Howard Hawks, ambamo kundi la ng'ombe la John Wayne linaswagwa kutoka Texas mpaka Kansas. Hapo mzee akakaa sawa. Mwanzoni Wayne ana fahali, na mtoto yatima anatokea porini akivuta ng'ombe jike. Picha inaruka miaka 14, unaona ng'ombe wamejaa mpaka mbingu inapogusa nchi, maelfu kwa maelfu. Mjomba akaomba nisimamishe. Akapiga hesabu kwa vidole: mimba, ndama, ukame, ndigana, fisi. Ikagoma. "Haiwezekani," akasema, "hata wakizaa pacha kila mwaka." Tukaendelea. Kabla ya safari Wayne anaamuru ng'ombe wote wapigwe chapa yake, hata wale wa majirani waliojichanganya humo humo. Mjomba akapiga paja. "Ahaa! Sasa hesabu imekubali."

Kuna mahali kijana mmoja mpenda sukari anaingiza mkono usiku kwenye gari la mpishi, anaangusha masufuria, ng'ombe wanatimka kwa kishindo na mtu anapoteza maisha. Mke wangu, ambaye anamficha mjomba sukari kwa amri ya daktari, alipata hoja anayoitumia mpaka leo.

Baada ya hapo mjomba akataka kujua hao jamaa walikuwa wanalipwaje. Nikamwambia ninachokijua: dola thelathini mpaka arobaini kwa mwezi, na wengi hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. "Vibarua," akasema, na heshima yake kwa kofia zile ikashuka pale pale. Nikaongeza kwamba wanahistoria wanakadiria karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa mtu mweusi, wengine wengi walikuwa Wameksiko, na kazi yenyewe ya kuswaga masafa marefu ilidumu miaka ishirini hivi, kisha senyenge na majira ya baridi kali ya 1886 na 1887 yakaimaliza. Picha zimedumu zaidi ya miaka mia. Ndani ya hiyo miaka mia watengenezaji walifanikiwa kuondoa ng'ombe, wakaondoa weusi, wakaondoa na mshahara. Kofia ikabaki. Na alikuwapo Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa, akawa ofisa wa usalama wa serikali na kukamata wahalifu zaidi ya elfu tatu. Huyo alisubiri sana kupewa picha yake, wakati Wyatt Earp wa sekunde thelathini ana picha za kujaza kabati.

Stagecoach ya John Ford, ya mwaka 1939, nayo tuliiona. Gari la kukokotwa na farasi linakimbia jangwani, Waapache wanalifukuza, risasi na mishale, na mimi kama kawaida nikauliza kwa nini hawa wenye mishale wasimpige farasi mmoja tu, gari lisimame, kila mtu arudi nyumbani. Mjomba alikuwa na swali lake. "Hawa wanaofukuza na hawa wanaofukuzwa, nani alimkuta mwenzake hapa?" Sikumjibu, alikuwa anakula. Nilimwambia tu kwamba walioigiza Waapache hawakuwa Waapache bali Wanavajo, wenyeji wa lile bonde lenye majabali marefu, Monument Valley. Akaacha kutafuna. Yaani wamevamiwa, halafu wakaajiriwa kuigiza jirani yao anavyoshindwa, tena kwenye shamba lao wenyewe. Alikula kimya mpaka mwisho.

Sasa nije kwa Waitaliano, kwa sababu hao ndio walionifikisha hapa. Wazee wa Dar wanaoikumbuka Empire na Avalon, na wa Unguja wanaoikumbuka Majestic, ukiwagusa habari za Django au Trinity, andaa kiti. Sergio Leone alipotengeneza A Fistful of Dollars mwaka 1964, hadithi aliichukua kwa Mjapani, Akira Kurosawa, kutoka picha yake ya Yojimbo, bila hodi. Wajapani wakadai chao, wakalipwa. Steringi alikuwa Mmarekani, Clint Eastwood, waliomzunguka walikuwa Waitaliano, Wajerumani na Wahispania, na jangwa lenyewe liko Almería, kusini mwa Hispania. Kila mtu alisema lugha yake, sauti zikabandikwa baadaye, ndiyo maana mdomo wa mtu umeshafungwa na maneno bado yanatoka. Hiyo ndiyo Amerika niliyoijua utotoni. Niliipenda mno, na nilipogundua ni Hispania nilikuwa nimeshachelewa kubadilisha.

Kwenye The Good, the Bad and the Ugly, ya mwaka 1966, kuna daraja linalipuliwa. Daraja hilo lilijengwa na wanajeshi wa Hispania, na kapteni mmoja wao akapewa heshima ya kubonyeza. Kamera zikapangwa. Kukatokea kutoelewana katika ishara, kapteni akabonyeza, daraja likaruka angani, na kamera hata moja haikuwa imewashwa. Jeshi likajenga upya. Nilipoisoma habari hii nilifarijika sana. Kumbe na huko wapo.

Wanajeshi hao hao walitengeneza makaburi ya bandia kwa maelfu, ili mwishoni watu watatu wasimame katikati na kutazamana, kwa ajili ya dola 200,000 za dhahabu zilizofukiwa humo. Na wanatazamana kweli. Macho. Mkono. Macho ya mwingine. Mkono wa mwingine. Tarumbeta ya Ennio Morricone inalia. Mke wangu aliinuka akabandika maji ya ugali, wanatazamana. Ukapikwa ugali, ukaiva, wanatazamana. Tulipokuwa tunanawa mikono akauliza, kwa upole kabisa, "Baba Neema, hawa wanadaiana nini ambacho hawawezi kuambiana?" Watafsiri wetu wa kanda, kina Lufufu, ambao hawakuwahi kumwachia mwigizaji dakika moja ya kimya, kazi hii ingewatia umaskini au ingewapa uhuru wa kusema lolote, nadhani wangechagua uhuru.

Lakini aliyenifungua macho ni Django, wa mwaka huo huo wa 1966, picha ya Sergio Corbucci. Franco Nero anaingia mjini kwa miguu, kwenye tope, akivuta jeneza. Analivuta kwa kamba, peke yake. Watu wanachungulia. Nikajikuta nasema kwa sauti: huku kwetu mtu avute jeneza toka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho peke yake? Hafiki kwenye duka la kwanza. Wataruka vijana wanne wamsaidie bila kuuliza. Mjumbe wa nyumba kumi atakuja na daftari. Turubai litafungwa, viti vya kukodi vitashushwa, kina mama watawasha moto, kamati itachaguliwa na mweka hazina atapatikana. Akijaribu kueleza kwamba ndani hakuna maiti, kuna bunduki ya rashasha, ataambiwa, "Pole sana kaka, ni uchungu tu huo," na kulazwa kwenye mkeka. Picha ingekwisha hapo, rambirambi zimeshafika nusu ya lengo.

Hapo ndipo nilipong'amua siri ya hawa mabwana. Watu hudhani tunawapendea bastola. Bastola ya nini? Tunawapendea kutokuwa na ndugu. Steringi hana shangazi. Hana mdogo wake anayesoma chuo. Hana kundi la ukoo kwenye simu ambako asubuhi amekuta ujumbe mia, tisini ni vidole vya pole na kumi ni majina ya ambao hawajatoa. Anapofika pahali, hakuna aliyemtuma dagaa. Anapoondoka, hakuna anayemuuliza amemwachia nani mzigo. Nikikaa pale kwenye kochi baada ya siku nzima ya kuitwa baba, kaka, mjomba, shemeji, baba mdogo na mheshimiwa mjumbe wa kamati, nikamwona mtu anayeulizwa jina lake akakataa kulitaja, na wenzake wakakubali, moyo wangu unalainika.

Na ukitaka kuona wanavyomfanya steringi pindi tu anapokuwa na wenyeji, tazama High Noon, ya mwaka 1952. Mimi nasema hiyo siyo picha ya kauboi. Hiyo ni picha ya michango.

Gary Cooper ni afande wa mji mdogo. Siku hiyo hiyo asubuhi amefunga ndoa na Grace Kelly na kurudisha beji, anataka akafungue duka mji mwingine. Habari zinafika kwamba adui aliyemfunga ameachiwa, anaingia na treni ya saa sita mchana, na vijana wake watatu wanamsubiri stesheni. Bwana harusi anageuza gari. Anahitaji watu wa kusimama naye, basi, anaanza kupita nyumba kwa nyumba. Picha ina dakika 85, na muda wa ndani ya picha unakwenda karibu sawa na saa yako ya ukutani, kwa hiyo unaukimbia mchango pamoja na mwenye shughuli.

Hakimu aliyefungisha ndoa ndiye wa kwanza kukunja bendera na mizani yake akaondoka. Naibu wake anataka cheo kwanza. Mzee aliyemfundisha kazi anaumwa mikono. Rafiki yake mmoja anamwona kupitia dirishani, anajificha chumbani, anamtuma mkewe mlangoni aseme hayupo. Hapo mimi na mke wangu tulitazama chini wote wawili, kila mmoja sehemu yake. Mwingine amejiandikisha mapema, ana moyo kweli. Anarudi kuuliza wengine wako wapi, anaambiwa ni wewe na mimi, anakumbuka ana watoto. Halafu kanisani! Wanatoa watoto nje, wanafungua mjadala, kila mwenye neno anasema neno, yule anamlaumu huyu, huyu anasema kodi tunalipa za nini, na mwisho anasimama mheshimiwa, anamsifu afande kwa maneno matamu kweli kweli, hajawahi kutokea mtu wa aina yake katika mji huu, na kwa sababu hiyo ingefaa aondoke. Nimekaa vikao vya namna hiyo. Nimewahi kuandika mihutasari yake.

Mmoja aliyejitolea bila masharti ni mtoto wa miaka 14, na anarudishwa nyumbani kwa sababu ya umri. Na aliyetoa mchango kamili, wa kumpiga mmoja wa maadui risasi, ni bibi harusi, ambaye dini yake inamkataza kugusa silaha. Watu wanatoka ndani baada ya mambo kwisha, wamejaa barabarani, ndipo afande anaivua beji na kuitupa vumbini. Mjomba alitikisa kichwa kwa huzuni. "Sasa hao," akasema, "wataenda kumsengenya kwamba ana dharau."

Ndiyo maana namheshimu Mhindi. Mwaka 1975 Ramesh Sippy alitengeneza Sholay: farasi wapo, bastola zipo, treni inavamiwa, majabali yapo, adui Gabbar Singh kicheko chake kinatosha kijiji kizima. Kauboi kamili. Ila Dharmendra akimpenda Basanti, hapandi farasi akamchukua. Anatuma mshenga. Amitabh Bachchan anakwenda kwa mama mdogo wa binti, anakaa kwa adabu, anamweleza kwamba bwana harusi ni mtu safi sana, isipokuwa kamari kidogo, na kamari humleta kwenye pombe, na pombe, unajua tena, humpeleka kwa wacheza ngoma. Posa inaharibika. Dharmendra analewa, anapanda juu ya tangi la maji, anatishia kujirusha mbele ya kijiji kizima mpaka mama mdogo akubali. Mjomba alicheka mpaka nikaogopea yale macho. Hii ndiyo picha pekee ya kauboi aliyosema imetengenezwa na watu wazima.

Tatizo la Sholay ni kwamba Amitabh anakufa. Jirani yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, mpaka leo anashikilia kwamba steringi alikuwa Dharmendra na Amitabh alikuwa rafiki wa steringi, ili kanuni isivunjike. Tumewahi kununiana kwa jambo hili.

Na Shane je, ile ya mwaka 1953? Alan Ladd amekaa kwa watu, amekula kwao, mtoto wa nyumba amempenda, amewamalizia maadui wote, kisha anapanda farasi usiku na kwenda zake, mtoto anamwita nyuma kwa sauti hageuki. Mjomba hakuamini. "Anaondoka bila kuwaaga majirani? Wala kuku hawakumfungia?"

Kwa mjomba kuaga ni kazi. Alipotangaza kwamba sasa anarudi Shinyanga, alituaga sisi, akaenda kuwaaga majirani mmoja mmoja, akamwaga mwenye duka, akamwaga fundi viatu, kila nyumba akakaa na kunywa chai, ile ambayo daktari ameiwekea masharti. Mke wangu akanunua kanga za kupeleka nyumbani. Mabegi yakafungwa. Tiketi ya basi ikakatwa. Amekaa sebuleni na viatu miguuni, jirani akaja kumsindikiza, na kwa midomo yake isiyotulia akamweleza kwamba Howard Hawks na John Wayne hawakuipenda High Noon hata kidogo. Waliona ni aibu afande kupita akiomba msaada, ndipo mwaka 1959 wakatoa Rio Bravo, ambamo sherifu anazungukwa na maadui, anakataa msaada wa watu wa kawaida, na anabaki na mlevi, kilema mzee na kijana mmoja.

Mjomba amekuwa mzee wa baraza miaka mingi. Hajawahi kutoka kwenye shauri kabla ya kusikia upande wa pili.

"Ina urefu gani hiyo?" akaniuliza.

"Saa mbili na dakika ishirini na moja, mjomba. Na basi ni alfajiri, inabidi ulale."

Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. "Mwambie mama Neema ile tiketi waisogeze mbele," akasema. "Halafu rimoti iko wapi?"